Je, Kijana Mkatoliki Anaweza Kuvaa Jezi ya Kampuni ya Kubeti?



Naandika nikiwa Dongobesh, huku kwetu Mbulu kwenye baridi. Leo nataka tuongee kuhusu jezi. Ndiyo, jezi za mpira. Na nianze kwa kukiri, maana jambo hili nililifanya mwenyewe.

Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa CHAN. Unakumbuka ile tarehe 2, Stars ilipofungua mashindano kwa kuifunga Burkina Faso 2-0 pale kwa Mkapa? Huku kwetu kila mtu alikuwa na homa ya mpira. Sisi vijana wa kigango tukapanga bonanza: timu nne, zawadi mbuzi. Tatizo likawa jezi. Mimi nilikuwa katibu, nikapewa kazi ya kutafuta mfadhili.

Akaja wakala wa kampuni moja ya kubeti. Atatupa seti mbili za jezi, mipira, na skrini kubwa yenye jenereta ili watu waangalie mechi za Stars bila kwenda kubanana banda umiza. Masharti yake: jina la kampuni likae kifuani, meza ya kusajili watu iwe pembeni ya uwanja, na sisi tuwaalike waamini baada ya Misa. Wenzangu wawili walisita. Mimi nikawaambia, "Jamani, hata Simba na Yanga wamevaa majina ya kampuni za kubeti. Sisi ni nani?" Tukakubali. Mlezi wetu tulimwambia habari ya jezi. Ya meza hatukumwambia.

Bonanza lilifana kweli. Tarehe 22 Morocco wakatutoa robo fainali kwa bao 1-0, tukahuzunika pamoja, tukaenda kulala. Nikajua yameisha.

Wiki chache baadaye mama mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri nje ya kanisa. Mwanae, wa kidato cha tatu, alikuwa amesajiliwa pale mezani kwa namba ya simu ya mama yake, ili apate fulana ya bure. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini namba ilikuwa ya mtu mzima. Na kwenye simu hiyo ndipo mama alipotunza hela ya vitunguu saumu. Mikeka ikachanika mmoja baada ya mwingine, mpaka shilingi 180,000 zikaisha.

Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo kampuni mimi siijui. Niliwaamini ninyi, watoto wa Kanisa."

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Sasa tujiulize: kosa letu lilikuwa nini hasa? Tuwe wakweli, Kanisa halisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Katekisimu, namba 2413, inafundisha kwamba michezo hiyo kwa yenyewe haipingani na haki. Inakuwa haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa yake inaweza kumfanya mtu mtumwa. Kwa hiyo swali langu leo halimhusu sana yule kijana aliyebeti. Linatuhusu sisi tuliomwekea meza.

Kiukweli, mfadhili hanunui kitambaa. Ananunua imani ya watu. Jina geni likikaa kifuani pa mtu unayemwamini, linaazima uaminifu wake. CAF wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana wanauza haki za udhamini kwa mashindano yao, na nembo yao haitumiki kibiashara bila ruhusa. Ukichapa fulana zenye nembo ya AFCON ukauza mnadani bila ruhusa, umechukua cha mtu. CAF wanajua jina lao lina bei. Sisi hatukujua kama letu pia lina bei, tukalitoa kwa mipira na jezi.

Tena halikuwa letu. Soma 1 Wafalme sura ya 21. Mfalme Ahabu alimwahidi Nabothi shamba bora zaidi, au fedha. Ofa haikuwa mbaya. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Na sisi hili jina la "vijana wa Kanisa" tulilikuta. Lilijengwa na makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, na mama zetu wanaosali rozari alfajiri. Nani alitupa ruhusa ya kuliuza?

Utaniambia, "Lakini watoto walicheza, na siku ile hakuna kijana aliyeshinda kilabuni." Ni kweli, sikatai. Ila piga hesabu nami. Kampuni ya kubeti inapata faida kwa wanaopoteza. Kwa hiyo nani alilipia jezi zetu? Ni mama yule, bila kujua.

Naandika haya sasa kwa sababu AFCON 2027 inakuja. CAF ilizipa nchi zetu tatu uenyeji huo tarehe 27 Septemba 2023, na ni mara ya kwanza kwetu. Uwanja unajengwa Arusha, si mbali na sisi. Ni fursa, na si dhambi kuitafuta: kupika, kuongoza wageni, kupeleka vitunguu hotelini, kushona fulana za ubunifu wako mwenyewe. Hata mfadhili si adui. Ila akija, muulize faida yake inatoka wapi. Kisha jiulize: masharti yake yote naweza kumsomea mlezi, na mama yule, bila kuruka hata moja? Na mtoto wa kipaimara akilifuata jina lililo kifuani pangu, litamfikisha wapi?

Tuna mfano wa nyumbani. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, mwaka 1968. Aliingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma amalize. Alijua amebeba jina alilokabidhiwa na wengine, akalifikisha.

Sisi tulikwenda kwa Baba Paroko, tukamweleza yote, hata habari ya meza. Kisha tukalima zamu katika shamba la mama yule mpaka deni likaisha. Jezi zile hatuzivai tena. Tunacheza kama zamani, timu moja na fulana, nyingine vifua wazi, na baridi hii ya Mbulu!

Tuombe: Bwana Yesu, ulitupa jina lako siku ya ubatizo wetu. Tusaidie tusiliuze kwa bei yoyote, na utupe ujasiri wa kurudisha tulichokwisha kuuza. Amina.