Mwenye Njaa Apewe Chakula au Kazi?

Mjane amebisha hodi mlangoni pa Mkristu, mtoto mgongoni, naye hana unga. Amri ya mapendo ni wazi: mwenye njaa apewe chakula, wala asihojiwe kwanza juu ya asili ya umaskini wake. Lakini kesho atarudi, na kesho kutwa vilevile. Je, mwenye nyumba ameitimiza amri kwa kumjazia bakuli kila siku? Au mapendo yamdai jambo lingine?

Swali hili lina historia yake katika nchi ya Katanga. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliwakalisha wafanyakazi wake kambini pamoja na wake zao. Mume alifanya kazi. Kampuni ilitoa posho, nyumba, hospitali na shule. Wanawake walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto, na masista wa misioni walishiriki katika kazi hiyo. Mafundisho yalikuwa mema. Lakini walifundishwa ili watunze nyumba, si ili wajipatie riziki. Riziki iliingia kwa jina la mume.

Ndipo zikaja siku za taabu. Gécamines, iliyorithi migodi ile, ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2003 haikufikisha hata tani 20,000. Katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja tu. Huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mume alikaa nyumbani bila mshahara, na mke akatoka alfajiri kuuza unga, makala na sombe. Aliyehesabiwa kuwa mlishwa akawa mlishaji. Hata hivyo sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate kwanza ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu.

Huko Kolwezi, kiasi cha kilometa 300 kutoka Lubumbashi, wanawake wengi walikwenda kuosha mawe ya madini majini, watoto wao wakiwa kando yao. Mwaka 2012 masista wa Mchungaji Mwema walianza kazi kati ya watu hao, wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi, mzaliwa wa Kenya. Watoto walipatiwa masomo. Mama zao walifundishwa kusoma, kushona na kulima. Msaada kwa kazi hiyo umetoka pia kwa watu wa nchi za mbali.

Hapo wengine husema: “Apokeaye fedha ya mgeni amekuwa mtumwa wa mgeni.” Neno hili lafaa kupimwa, maana kuna wafadhili wapendao kushukuriwa kuliko kusaidia. Lakini Mtakatifu Paulo alipokusanya sadaka kwa ajili ya Wakristu maskini wa Yeruzalemu, aliwafundisha watoaji kwamba wao wenyewe ni wadeni: Yeruzalemu iliwapa imani, basi ni haki waishirikishe mali zao. Tena Wakristu wa Makedonia waliotoa kwa ukarimu hawakuwa matajiri. Walikuwa maskini sana. Kwa hiyo katika Kanisa hakuna kabila la watoaji na kabila la wapokeaji. Kila mmoja anadaiwa na mwenzake.

Na Katanga hudai pia kwa namna nyingine. Shaba na kobalti ya nchi hii husafiri ulimwenguni kote, ikawa nyaya za umeme na betri za simu. Mwanamke aliyeinama majini kuosha jiwe lile alipata fedha kidogo mno. Basi yule wa mbali anayemsaidia apate jembe au cherehani hatoi huruma tupu. Anarudisha sehemu ya deni. Mapendo hayawezi kuchukua nafasi ya haki: mfanyakazi anyimwaye ujira wake halipwi kwa sadaka.

Ni kweli kwamba mwenye njaa hawezi kushika jembe. Chakula kitangulie, kazi ifuate. Lakini mtoaji mwenye busara huuliza kabla ya kutoa: kitambaa kitapatikana wapi, na nani atanunua nguo? Cherehani isiyo na kitambaa haimlishi mtu. Tena haifai msaada umwongezee mwanamke mzigo. Ikiwa yeye hulima, huchota maji, hupika bukari na huuza sokoni, naye mume ameketi akingoja sahani, kazi hiyo haikumwinua, imemchosha. Mkatekumeni mwanamume ajipime hapo kabla ya Ubatizo.

Wala kijiji kisingoje msaada kutoka ng'ambo. Kina mama wa Lubumbashi wanaijua likelemba tangu zamani: kila mmoja huweka kidogo, na kila mmoja hupokea zamu yake. Hapo apokeaye leo ndiye mtoaji wa kesho.

Matendo ya Mitume yasimulia habari za Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa vitambaa vya rangi ya zambarau. Alipobatizwa, aliwakaribisha Paulo na wenzake nyumbani kwake. Kazi ya mikono yake ilimpa nyumba ya kuwakaribishia Mitume. Basi mjane yule wa mlangoni apewe unga leo, pasipo kukawia. Lakini mapendo yasitulie mpaka naye awe na mlango wake, na chungu jikoni, na mtu mwingine abishe hodi kwake asirudi mikono mitupu.