Nani Aligundua Wimbo Huu?

Nilipoupata, wimbo ulikuwa umesikilizwa mara 63. Namba hiyo naikumbuka kwa sababu niliifurahia kuliko ilivyostahili. Mtu akikuazima kitabu kizuri humuulizi wangapi wamekwisha kukisoma. Sisi tunaopenda muziki usiopigwa redioni tuna ugonjwa wetu: tunaangalia idadi kabla hata gitaa halijaanza, na kadiri idadi inavyokuwa ndogo ndivyo roho inavyosuuzika. Sitini na tatu! Ukimtoa mwenyewe na wenzake wawili watatu, nilikuwa miongoni mwa watu hamsini wa mwanzo duniani.

Mwenye wimbo anafanya kazi katika steshenari moja nje ya chuo, tunakokwenda kuprinti na kutoa kopi. Gitaa lake hukaa nyuma ya kaunta, limeegemea maboksi ya karatasi. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka pendekezo langu la utafiti lijalidiwe, umeme ukakatika, foleni ikasimama, naye akalichukua gitaa akaanza kupiga taratibu kama mtu anayejikuna. Nikamuuliza kama huwa anarekodi. Alisita kidogo, kisha akanitumia kiungo cha YouTube.

"Sikiliza kwanza dada, halafu uniambie."

Huko YouTube alitumia jina la utani. Hakukuwa na sura yake, ila picha moja tu ya dirisha lenye pazia. Wimbo ni wa dakika nne, gitaa na sauti basi, umerekodiwa kwa simu kiasi kwamba unasikia feni, na mahali fulani jogoo. Unamhusu kaka ambaye majirani wanaambiwa yuko Afrika Kusini anatafuta maisha, wakati mama yake kila mwezi anapanda daladala mbili kwenda kumwona gerezani. Nililia. Nilidhani ametunga. Tumefundishwa darasani kwamba anayesema "mimi" ndani ya shairi si lazima awe mtunzi, na somo lile nikalishika vizuri mno.

Usiku uleule niliuweka kwenye stetasi na kuutupa katika makundi matatu ya WhatsApp: la darasa letu, la hosteli, na lile la wapenda muziki, ambalo kwa kweli ni la watu wanaoshindana kuwahi. Na sikuutuma mtupu. Niliandika kwamba waache kusikiliza takataka, kwamba huyu ndiye yule kaka wa steshenari ya getini, mnampita kila siku na hamjui mna nini.

Baada ya wiki mbili idadi ilikuwa imepita 11,000. Mtu mwenye wafuasi wengi alikata kipande akakitumia kwenye video yake, akayabeba na maneno yangu, steshenari, geti na yote. Wanafunzi wakaanza kwenda kupiga naye picha. Siku nilipopita kumpongeza alinitazama, akaendelea kupanga karatasi. Akasema, "Dada, mama anauza genge. Wateja wanamuuliza Afrika Kusini kukoje." Jioni ile akaiondoa video.

Tangu hapo nimekuwa nikijitetea kichwani, na hoja ya kwanza ndiyo ambayo wenzangu wote walinipa: aliuweka hadharani mwenyewe. Asiyetaka kusikika hapakii. Hoja hii ina nguvu, na kwa muda niliegemea hapo. Lakini kuna uwazi wa namna mbili tunaouchanganya. Mtu anayeoga mtoni alfajiri yuko mahali pa wazi, kila mtu ana haki ya kupita, ila anayekwenda kuita kijiji waje watazame hawezi kujitetea kwamba mto ni wa wote. Yule kijana alikuwa amejiwekea ukuta wake: jina la utani na pazia. Alitaka wimbo usikike na yeye asijulikane, na mambo hayo mawili hayapingani. Ukuta ule niliubomoa mimi, kwa neno moja tu, "getini".

Kwa nini niliandika "getini"? Wimbo haukulihitaji. Nililihitaji mimi. Bila steshenari mimi ni mtu aliyesambaza kiungo kama wengine. Nikiwa na steshenari ninakuwa niliyemwona pale ambapo wengine elfu wanapita na kopi zao. Stetasi ile haikuwa ya wimbo hata kidogo, ilikuwa habari zangu mimi mwenyewe.

Lugha yetu ina neno kwa kazi hii, nalo ni kugundua. "Nimegundua msanii." Wengi wetu tulikutana na neno hilo shule ya msingi, katika swali la nani aligundua Ziwa Victoria, na alama ulipata ukiandika John Speke, 1858. Siku hizi tunalicheka swali lile, maana ziwa lilikuwa na wavuvi wake na majina yake. Tena hakufika peke yake. Alikuwa na watu waliojua njia na lugha, mmoja wao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akarudi, ambaye karatasi ya mtihani haikumuuliza mtu yeyote. Tunacheka, kisha tunafungua simu tunaandika "nimegundua".

Singeli ndiyo iliyonifundisha hili, ingawa somo lilichelewa kuniingia. Nimekulia mahali ambapo vigodoro vilikuwa vinatunyima usingizi wikiendi. Mdundo ule wa kasi isiyo ya kawaida, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, kinanda kinachozunguka palepale, spika zimeinuliwa juu ya meza, watu wanacheza mpaka alfajiri. Nyumbani tuliuita uhuni. Baba alikuwa anafunga madirisha. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso*, kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na baada yake wasanii kama Bamba Pana na Jay Mitta wakatoa albamu zao chini ya lebo hiyo, wakaenda kupiga kwenye matamasha Ulaya. Mimi niliisikiliza singeli kwa makini, nimekaa kitako na hedifoni masikioni, baada ya kusoma sifa zake kwa Kiingereza. Muziki uliokuwa umepiga ukutani kwetu miaka yote ulihitaji kwenda nje na kurudi ndipo niupokee. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hata hivyo singeli inakataa kunipa jibu rahisi. Ningependa kusema kupendekeza ni unyang'anyi, niishie hapo, niwe mtakatifu. Lakini wale walioipeleka singeli mbali waliwafungulia maprodyuza wa uswahilini milango ambayo sisi majirani zao hatukuwahi hata kuigonga. Sisi tulikuwa tumefunga madirisha. Kati ya mgeni anayeshangaa kwa sauti na jirani anayenyamaza, nani amemdhulumu msanii zaidi? Kunyamaza si adabu kila wakati. Kuna kunyamaza kwa uchoyo, na hilo pia nalijua, kwa sababu nina nyimbo ambazo sijawahi kumwonyesha mtu, nazifungia kama bibi anavyofungia vikombe vya wageni. Na msanii hali kombe lililofungiwa kabatini.

Hapo inakuja hoja ya pili ya utetezi, ile ya fedha. Nilimsaidia, nilijiambia, nilimtoa kwenye 63. Spotify, kwa mfano, tangu mwanzoni mwa 2024 hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Maana yake ni kwamba nyimbo zilezile tunazozienzi kwa uchache wa wasikilizaji wake ndizo zisizolipwa kitu. Ule uchache unaoisuuza roho yangu ndio njaa ya mtu. Kwa hiyo sambaza! Ila yeye alikuwa YouTube, na huko, ili upate mgao wa matangazo kwa njia ya kawaida, unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Wimbo mmoja wa dakika nne ukisikilizwa mara 11,000, hata kama kila mtu angeusikiliza mpaka mwisho, ni saa 733. Nilipiga hesabu hiyo usiku mmoja badala ya kuandika sura ya pili ya tasnifu. Hakupata hata shilingi. Mtu aliyekata kile kipande, huyo sijui.

Zipo njia nyingine. Bandcamp msikilizaji ananunua albamu, mtandao unachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijiti, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa ambazo hauchukui hata hiyo. Ukipendekeza kitu kilichoko huko, unapendekeza watu watoe fedha, na pendekezo linapata uzito wake. Lakini katika makundi yangu matatu, wenye kadi ya kulipia vitu mtandaoni wanahesabika kwa vidole, na wenye nia ya kulipia muziki ni wachache zaidi. Mimi mwenyewe katika maisha yangu nimenunua albamu mbili. Nimesambaza viungo mamia.

Rafiki yangu mmoja anayefanya uzamili wa falsafa alinitajia John Peel, mtangazaji wa BBC aliyepiga muziki usiojulikana kuanzia 1967 hadi alipofariki mwaka 2004. Aliwapigia Waingereza hata Bhundu Boys wa Zimbabwe. Mbona hakuna anayemlaumu, aliuliza. Nikamjibu kwamba bendi nyingi zilimtumia kanda zenyewe, na kanda iliyotumwa kituo cha redio ni ombi la kupigwa, iko wazi. Akasema, "Na wewe si ulitumiwa kiungo?" Nilikosa jibu mpaka nilipofika chumbani. Nilitumiwa, ndiyo, lakini nirudi kwenye maneno yake: sikiliza, uniambie. Aliomba sikio na neno. Nilimpa wasikilizaji 11,000, na neno lile mpaka leo sijawahi kumpa. Sikuwahi kumwambia kwamba ule mstari wa daladala mbili ulinifanya nizime taa.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mashine ingemtunza vizuri kunizidi. Tunailaumu mno kwa kutuchagulia nyimbo, kwamba haina moyo, inafuata takwimu. Ni kweli. Lakini ingeusukuma wimbo wake kwa watu wa Tanga au Lubumbashi na kuishia hapo. Isingemtaja mama, wala isingejua kwamba kuna geti.

Nilikwenda kwa mama yake Jumamosi moja. Sikumwambia kijana, na pengine hilo nalo lilikuwa kosa, la kupita mlango ambao sikualikwa. Nilimkuta anafunga mafungu ya nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za chuo?"

Hakuwa na haja ya kuuliza mimi ni nani. Nikaomba radhi vibaya, kwa maneno mengi. Aliendelea kupanga nyanya, kubwa juu, ndogo chini. Akasema wimbo amesikilizishwa na jirani, ni mzuri, hakujua kama mwanawe anamwona anapoondoka zile asubuhi. Halafu akasema, "Ila mimi ile Afrika Kusini nilikuwa nimeizoea." Akanifungia fungu moja la nyanya na kukataa hela. Sijui kama ulikuwa msamaha. Nyanya zilikaa siku nyingi kwenye dirisha la hosteli.

Kijana na mimi tunasalimiana tena. Steshenari sikuihama, ingawa nilifikiria. Mwezi uliopita nilimwambia hatimaye ule mstari ulinifanya nini, akacheka, akasema mstari ule alikuwa anataka kuuondoa.

Kisha likatokea jambo jingine. Kuna mwenzangu darasani ambaye baba yake alikamatwa mwaka jana. Haliongelei, nami nalijua kwa njia ambazo si zangu kuzisema. Nikimwona amekaa mwisho wa kantini, ninaufikiria wimbo ule kama mtu anavyofikiria dawa aliyonayo kwenye mkoba. Sasa haupo mtandaoni, lakini mimi bado ninao kwenye simu. Safari hii nilikwenda kuuliza. Nikamwambia mwenyewe: yupo mtu mmoja, mmoja tu, sikutajii jina.

Alifikiri kidogo huku mashine ya kopi ikizunguka. "Mtumie. Ila usimwambie ni mimi."

Niliutuma usiku, bila neno lolote, faili tu. Alama zile mbili zikageuka bluu. Dakika nne zikapita, kisha nyingine nne, kisha nyingine nne. Saa sita kasoro akaandika: "Nani huyu?"

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena.

"Simfahamu."