Wajibu wa Kusahau

Seva ya tovuti ni bawabu aandikaye kila mgeni: anwani yake, saa ya kufika na ukurasa alioomba. Daftari lisipopunguzwa hujaza diski, na kazi husimama. Kwa hiyo logrotate, programu ya kompyuta za Linux, hufungua daftari jipya kwa zamu, hubana yaliyopita na kufuta ya kale. Mpango wake uliozoeleka huhifadhi majuma manne.

Je, kufuta ni haki? Mwizi akigunduliwa mwezi wa tatu, nyayo zake zimekwisha potea. Lakini wageni wasio na hatia ni wengi kuliko wezi, na mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa hata anwani inayobadilika yaweza kumtambulisha mtu. Siri ya mgeni ni amana. Muda wa daftari na upimwe kwa haja ya ulinzi, si kwa ukubwa wa diski.