Tope la Ziwa Chala

Mkaazi wa Mahoo, wadi ya Taveta iliyo zaidi ya kilomita 200 kutoka Mombasa, huenda akaihesabu bahari kuwa shughuli ya watu wa pwani, kwa kuwa migomba ya kwao hunyweshwa na chemchemi zinazolishwa na mvua ya Kilimanjaro. Hata hivyo, Ziwa Chala, lililomo ndani ya kasoko, yaani shimo la volkano, mpakani mwa Kenya na Tanzania, limehifadhi ushahidi kwamba mvua hiyo yenyewe ni deni la bahari, tena bahari ya mbali.

Mikondo ya juu ya bahari huendeshwa na upepo, na ndiyo sababu mkondo wa Somalia hugeuka kaskazi inapopisha kusi. Mzunguko wa kina, kinyume chake, hutegemea zaidi uzito wa maji: karibu na Greenland na Antaktika maji hupoa, huzidi chumvi, huzama, kisha hutambaa gizani polepole mno, hata mzunguko mzima ukachukua takriban miaka 1,000.

Watafiti waliochimbua tope la Chala, linalotua kwa matabaka membamba mwaka baada ya mwaka, walibaini kwamba takriban miaka 17,000 iliyopita eneo hili lilikumbwa na ukame mkali, wakati uleule ambapo barafu iliyoyeyuka ilimwaga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, katika Atlantiki ya Kaskazini, yakawa mepesi yasiweze kuzama, na mzunguko wa kina ukadhoofika.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Binadamu husifu mfereji uliofika shambani, akaisahau chemchemi, na msitu unaoilisha chemchemi akaukata kuni. Vivyo hivyo mataifa husifu viwanda vyao, huku moshi wake ukiyeyusha barafu ya Greenland na kuutishia mzunguko uleule. Mahoo imechangia moshi huo kwa kiasi kidogo sana, lakini udogo wa kosa haumkingi mtu na ukame, wala haumwondolei wajibu wa kuutunza msitu ulio karibu naye.

Tabaka la mwaka huu linatua Chala sasa hivi, na tope halimpendelei yeyote katika kuandika.