La Kutangulizwa

Imamu Ghazali, aliyekuwa mudarisi wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mwenye jaha kubwa na wanafunzi 300, alipoipima nia yake mwaka 1095 na kuona kuwa elimu ile aliisomesha kwa kutaka sifa za watu kuliko radhi ya Mola, alishikwa na fadhaa hata ulimi ukamfunga darasani na tonge lisimpite kooni. Matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipoigawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto, akashika njia ya Shamu. Nami hicho alichokibakisha nakiadhimu mno, kwani hakudhani kuwa kumwelekea Mungu ni ruhusa ya kuwatupa wanawe. Basi, ewe msomaji, nakusihi uipime nia yako ungali na afya.