Ahadi ya Mtoto na Uhai wa Mbuzi

Wahenga walituachia neno kwamba ahadi ni deni, nasi walimu hatuchoki kulirudia darasani. Aghalabu twalitaja kumkumbusha mwanafunzi aliyechelewa kurudisha kitabu, kisha twapita. Lakini uzito ambao methali yaweza kuubeba haujulikani mpaka itwishwe mzigo, na mzigo tunaokusudia kuitwisha hapa umetoka mbali, huko Marekani, katika jambo la watoto na mifugo yao.

Huko kuna vyama vya vijana vya kilimo viitwavyo 4-H. Mwanzo wake hutajwa kuwa ni mwaka 1902, katika jimbo la Ohio, pale msimamizi wa shule A. B. Graham alipowakusanya watoto wajifunze mambo ya shamba nje ya masomo ya kawaida. Sheria ya mwaka 1914 iliyoanzisha huduma ya ugani ikavitia nguvu. Alama yao ni jani la klova lenye sehemu nne, na H hizo ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Katika kiapo chao moyo hutolewa kwa ajili ya uaminifu.

Jirani zetu wa Kenya walipoipokea mbegu hiyo waliipanda kwa namna yao, wakaunda vyama vya 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivyo vilififia kwa muda, kisha vikafufuliwa mashuleni mwaka 2021. Mwalimu wa lugha ataona mara moja kwamba K hizo si tafsiri ya H. Viungo vya mwili vimegeuka vitenzi, na moyo haumo. Twaipenda tafsiri hiyo kuliko ile ambayo kamusi ingetupa. Hata hivyo neno lililoachwa nje ndilo litakalotushughulisha.

Kazi ya watoto hao wa Marekani ni hii. Mtoto hupata ndama, nguruwe, kondoo au mbuzi, akamlisha, akamsafisha, akamzoeza kuongozwa kwa kamba, na gharama zote akaziandika daftarini. Miezi ikipita humpeleka kwenye maonyesho ya kaunti, ambako waamuzi humkagua mnyama na kumpima mtoto mwenyewe jinsi anavyommudu. Kisha huja mnada. Wenye maduka na watu wa siasa hununua kwa bei ipitayo ile ya soko, makusudi wamsaidie mtoto, na wengi wa watoto huziweka fedha hizo akiba ya masomo. Mnyama huenda machinjioni.

Mwaka 2022, katika maonyesho ya wilaya ya Shasta, California, binti wa miaka 9 alimleta mbuzi wake aitwaye Cedar. Kabla ya mnada kwisha moyo ulimgeuka, akataka mbuzi asiuzwe. Akaambiwa kwamba kanuni haziruhusu. Mbuzi akanunuliwa kwa dola 902, na katika hizo fungu la maonyesho lilikuwa dola 63 na senti 14. Binti hakukubali kuachana naye. Mama yake akamwondoa mbuzi pale, akajitolea kulipa hasara yote. Mwanasiasa aliyekuwa amemnunua akasema hatapinga. Wasimamizi ndio walioshikilia, kwa hoja kwamba kulegeza kanuni kungewafundisha vijana kutozitii. Askari wa kaunti wakasafiri mamia ya maili kumfuata mbuzi huyo mmoja, wakamchukua, naye akachinjwa. Katika shauri lililofuata, mwaka 2024 yalifikiwa mapatano ya kulipa dola 300,000.

Turudi sasa kwenye methali. Wasimamizi wale, laiti wangejua Kiswahili, bila shaka wangeitumia wao. Lakini ikiwa ahadi ni deni, basi ina mdai na mdaiwa, na kila aliyewahi kukopa dukani anajua kwamba mdai aweza kusamehe. Mdai wa binti yule alikuwa nani? Kama ni mnunuzi, alikwisha kusamehe. Kama ni maonyesho, fungu lao lilikwisha kuahidiwa kulipwa. Waliobaki kudai walikuwa kanuni tupu, na kanuni haina tumbo la kulisha nyama. Twaona hapo ahadi iliacha kuwa deni ikawa kitanzi.

Hatusemi kwamba mtoto asijue nyama itokako. La hasha! Katika nchi zetu mtoto achungaye mbuzi amwona akichinjwa kwa ajili ya mgeni au arusi, na huenda akalia, kisha akala pamoja na wenzake. Hatumwiti mkatili, wala wazazi wake hatuwalaumu. Ila mchungaji huyo hakuambiwa kamwe kwamba mbuzi ni wake peke yake. Alijua ni mali ya nyumba, na aamuaye ni mkubwa. Mtoto wa mnada ameambiwa: huyu ni wako, mpe jina, mpende, kiapo chako ni cha uaminifu. Anapoutii uaminifu huo aambiwa kwamba si ule uliokusudiwa. Hatuwezi kumpa mtoto umiliki siku za kulisha, tukamnyang'anya siku ya kuamua.

Mwenzetu mmoja tuliyejadiliana naye ametupinga: kila mtoto akiruhusiwa kughairi, mnada utakufa, na pamoja nao akiba za masomo. Hoja hii si ndogo. Lakini tunadhani wengi wangeuza hata hivyo, maana wamelelewa katika nyumba zilishwazo na ufugaji. Tena wapo waleta mitamba au mbuzi wa kuzalisha, ambao huonyeshwa, hutunzwa, na kurudishwa nyumbani. Mtoto wa miaka 9 angeweza kuanzia hapo.

Anatusumbua zaidi mtoto mwingine, yule ambaye habari zake haziandikwi: aliyeingia uwanjani na fahali wake, akasikia bei ikipanda, akatia sahihi huku machozi yakimtiririka, na mwaka uliofuata akarudi na ndama mpya. Huyo alitimiza ahadi yake kwa hiari. Kama tungekuwa walimu wake, tungetaka kujua ni nani aliyekaa naye usiku ule, na alimwambia nini.