Haki ya Mtoto katika Mji

Mji hujengwa na watu wazima, na kwa desturi hujengwa kwa ajili yao. Barabara hupimwa kwa upana wa magari, na soko kwa wingi wa wanunuzi. Mtoto hana kura wala mali. Basi yafaa kuuliza kama mahali apewapo pa kuchezea ni hisani ya wakubwa, au ni deni walilo nalo kwake.

Swali hili lilipata jibu la vitendo Amsterdam, katika Uholanzi. Mwaka 1947, nchi ikiwa ingali na majeraha ya vita, msanifu wa majengo Aldo van Eyck, aliyekuwa mtumishi wa mji huo, alitengeneza kiwanja kidogo mahali paitwapo Bertelmanplein. Kilikuwa na shimo la mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vya kupigia kichwangomba na mabao ya kukalia. Wakazi wa mitaa mingine walipoona, waliandika barua wakaomba vyao. Hata kufikia mwaka 1978 viwanja hivyo vilizidi 700, na baadhi yake vilikuwa katika mapengo yaliyoachwa na nyumba zilizobomolewa.

Wingi huo wastahili sifa, lakini mimi navutwa zaidi na namna vilivyofanywa. Van Eyck hakupenda sanamu za wanyama za kupandwa. Tembo wa chuma ni tembo siku zote, lakini jiwe la mviringo leo ni kisiwa, kesho ni duka, kesho kutwa ni kiti cha sultani; na mzee aliyechoka aweza kulikalia bila ya kuona haya. Tena vingi havikuzungukwa na wigo. Mtoto alicheza mjini, mbele ya macho ya wapitao, wala hakutengwa nao.

Hapa mama mwenye busara atapinga: pasipo wigo, gari litamwua mwanangu. Hofu yake si ya bure. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Lakini wigo humfunga anayedhuriwa, ukamwacha huru anayedhuru. Wazazi wa nchi ile waliandamana wakadai kinyume chake, na mwaka 1976 sheria ilikubali mitaa ya makazi ambamo watoto wana ruhusa ya kucheza njiani, na dereva alilazimika kwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye.

Dereva huyo hupoteza dakika zake, na mwenye duka hucheleweshewa bidhaa. Hasara hizo ni za kweli, wala si haki kuzidharau. Ila hisani hutolewa katika ziada, na deni hulipwa hata palipo na upungufu. Vingi katika viwanja vya van Eyck vimekwisha kutoweka, na juu ya baadhi yake yamesimama majengo.